Koti Lisilomtosha Baba

Barua kutoka maktaba ya mji ilifika Jumatatu. Ilikuwa ya mama, lakini mama aliniletea dukani kwangu nimsomee, akidai miwani yake imechoka. Miwani ilikuwa nzima kabisa, tena ilikuwa imekaa kichwani mwake. Alichotaka ni mimi niitamke ile barua kwa kinywa changu mwenyewe, nisije baadaye nikasema sikuambiwa.

Nikaacha cherehani, nikasoma. Maktaba ilikuwa inaandaa ukuta wa kumbukumbu ya watu wa mji wetu waliopigana vita vya mpakani. Kila familia iliombwa ilete picha ya mzee wao, kitu kimoja alichotumia jeshini, na mtu wa kumzungumzia kwa dakika tano.

"Koti," mama akasema, hata sijafika kwenye sahihi.

"Na wa kuzungumza?"

"Kaka yako. Si ndiye aliyezoea kuhutubia watu wasiotaka kumsikiliza?"

Kaka yangu ni mwalimu mkuu. Tangu apewe cheo hicho, hata chumvi huiomba mezani kana kwamba anatangaza matokeo ya mitihani.

Baba alikuwa amefariki miaka sita nyuma. Alikuwa seremala, na alikuwa mrefu hivi kwamba milango yote ya nyumba yetu aliitengeneza kwa kipimo cha mwili wake. Wageni wakiingia mara ya kwanza hutazama juu, na mama huwaambia tulikuwa na mpango wa kufuga twiga. Maneno yake yalikuwa machache. Kwa siku ungeweza kuyahesabu kwa vidole, na mengi yalitoka moja moja: "Soma." "Kula." "Mlango," yaani umeuacha wazi, rudi ukaufunge. Hakutupiga wala hakutufokea. Alikuwa kimya tu, kama mtu aliye chumba cha pili hata mkiwa mmekaa meza moja. Kuhusu vita tulijua mambo mawili: kwamba aliendesha lori, na kwamba koti lake la jeshi lililokuwa kabatini lisiguswe.

Sasa ruhusa ya kuligusa ilikuwa imetoka. Kesho yake asubuhi nikalichukua, likiwa limezungushiwa shuka kuukuu na kunuka vile vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu. Vidonge havikufanya kazi yote. Kiwiko kimoja kilikuwa kimeliwa, bitana ilikuwa imechanika kwapani, na kifungo cha tatu hakikuwapo. Nikalitandaza juu ya meza yangu ya kukatia nguo.

Fundi cherehani hawezi kuitazama nguo bila kuipima. Ni ugonjwa wetu. Nikavuta futi, nikapima mkono: inchi ishirini na mbili. Nikapima mabega: kumi na sita. Nikapima tena, nikidhani futi imejikunja. Kisha nikatoa daftari langu la vipimo, nikafungua ukurasa wa suti ya mwisho niliyomshonea baba. Mkono, ishirini na saba. Mabega, ishirini.

Nikamwita mama. Yeye hukaa nyumba ya nyuma ya duka, kwa hiyo kumwita ni kupiga kelele tu dirishani.

"Labda alinenepa," akasema baada ya kusikiliza hesabu zangu.

"Mama, mtu hunenepa tumbo. Mikono hairefuki ukubwani."

Akalishika koti, akalinyanyua kwa mabega, akalitazama kama anayetazama mtoto wa jirani. "Kumbe ndiyo maana hakulivaa hata siku moja," akasema polepole. "Nilidhani ni machungu ya vita."

Nikachukua wembe, nikaanza kufumua bitana karibu na kola, kwa sababu ilikuwa lazima niibadilishe. Ndani yake, kwa wino mweusi usiofutika, kulikuwa na namba ya jeshi. Ilimalizikia na 592. Namba ya baba naijua tangu utoto. Cheti chake cha kumaliza utumishi kinaning'inia sebuleni, nami nilijifunzia tarakimu hapo. Inamalizikia na 417.

Midomo ya mama ilicheza kama ya mtu anayejumlisha. Kisha akaangua kicheko hadi akashika meza.

"Miaka arobaini na moja!" akasema. "Miaka arobaini na moja nimelinda koti la mwanamume nisiyemjua! Tena kabatini mwangu, kando ya magauni yangu!"

Kaka alipopita mchana akitoka shuleni, hakuona cha kuchekesha. Alikuwa ameshaandika hotuba ya kurasa tisa.

"Ukurasa wa tatu wote ni koti hilo," akasema. "Nimeandika kwamba limelowa jasho lake."

"Basi futa," mama akamjibu. "Andika limelowa jasho la watu."

"Mama, hili si jambo la mzaha." Akalitazama koti, kisha akanitazama mimi, na sauti yake ya matokeo ya mitihani ikamwishia. "Na kama alilivua kwa maiti?"

Hilo ndilo nililokuwa nikiliogopa tangu asubuhi. Mama akaacha kucheka. Akaupapasa mkono wa lile koti, ule ulioliwa kiwiko.

"Kama ni hivyo, kuna mama wa mtu anayelitafuta," akasema. "Au mke. Kesho tunakwenda kuuliza."

Chama cha wapiganaji wa zamani kina ofisi yake ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi. Ngazi zote zinanuka tapentaini. Karani wao ni mwanamke mnene mchangamfu, miwani imefungwa uzi shingoni, na nyuma yake kuna madaftari makubwa ya majalada mekundu. Nikamtajia namba. Hakufungua daftari hata moja.

"Mia tano tisini na mbili? Huyo ni Robo!"

"Robo nani?" kaka akauliza.

"Robo. Wenzake wote humwita hivyo, robo ya mtu. Hakosi mkutano. Husema anakuja kuwaona wenzake, lakini mimi najua anafuata biskuti."

"Yu hai?" mama akauliza.

"Yu hai? Mama, wiki iliyopita tu aligombana na mwenyekiti juu ya biskuti hizohizo."

Kaka akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, bila kukaribishwa. Sikuwahi kumwona kaka yangu akikaa bila kukaribishwa. Karani akatuandikia mahali: mtaa wa pili kutoka stendi, duka la saa, uliza tu. Kisha akatuuliza sisi ni watu wa nani, na mama alipomtajia namba ya baba, akavua miwani.

"Mia nne kumi na saba. Nyie ndio watu wa Redio?"

Mama akageuka nyuma, kuona kama kuna mtu mwingine anayesemeshwa. "Redio gani?"

"Ndivyo walivyokuwa wakimwita. Robo hamalizi kikao bila kumtaja."

"Mume wangu? Redio?" mama akasema. "Labda iliyokwisha betri."

Tulikwenda Jumamosi, asubuhi, kwa kagari ka kaka. Mama alikaa mbele, koti likiwa mapajani mwake ndani ya karatasi safi, kana kwamba tunakwenda kutoa posa. Duka la saa lilikuwa jembamba, refu kama ushoroba, saa za ukutani pande zote mbili, kila moja na majira yake. Binti aliyekuwa nyuma ya kaunta aliondoa lenzi jichoni, akasikiliza habari yetu, akapaza sauti kuelekea chumba cha nyuma: "Baba! Umepata wageni! Wanasema ni watu wa Redio!"

Kwanza kilisikika kijiko kikianguka. Kisha akatokea mzee mdogo, mdogo kweli, suruali imefungwa mkanda juu ya kitovu, macho maangavu kama ya ndege. Alikuwa amefika miaka sabini na mitano na bado alitembea kama anayechelewa. Akamtazama mama. Akamtazama kaka, kuanzia viatu kwenda juu, safari ndefu kwa mtu wa kimo chake.

"Wewe ni mwanawe," akamwambia. "Usibishe. Hata ukibisha, hayo magoti yamekusaliti."

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Lakini usiniite mzee. Mimi niliingia jeshini miezi minne baada ya baba yako. Niite baba mdogo." Akajitazama mwenyewe, kisha akanikonyeza. "Na hapo hutakuwa umekosea kwa namna yoyote ile."

Mama akafungua karatasi. Mzee alipoliona koti, utani ulimtoka usoni kama maji yanavyokauka. Hakuligusa. Aligeuka, akaingia ndani, tukasikia kabati likifunguliwa, na aliporudi alikuwa amevaa koti lingine la jeshi. Pindo lilimfika chini ya magoti. Mikono ilimpita vidole, ikaning'inia kama masikio ya mbwa. Nikamwendea bila hata kuomba ruhusa, nikageuza kola. Bitana ilikuwa imefumuka hapo, na namba ilionekana chini yake. 417.

"Mimi ndiye niliyetaka kulirudisha," akasema. "Yeye alikataa. Kaeni, kaeni. Shemeji, wewe kaa hapa, hicho kiti kingine kina mguu mmoja mwongo."

Tukakaa chumba cha nyuma, kati ya saa zilizokuwa hazijapona, naye akatusimulia.

Alikuwa fundi wa magari. Baba alikuwa dereva. Lori lao lilikuwa bovu kuliko yote kikosini. Milimani, ambako baridi ilikuwa kali, Robo alishikwa na homa ya kutetemeka hadi meno yakagongana. Blanketi hazikutosha. Baba akavua koti lake, akamfunika nalo, Robo akafunikika mzima, kichwa hadi miguu, na kwa kuwa amri ilikuwa kila mtu awe na koti, baba akachukua la Robo akaliweka mabegani kama taulo.

"Kesho yake wakatupakia," akasema. "Wagonjwa na majeruhi, tulikuwa sita nyuma ya lori. Hospitali ilikuwa mwendo wa siku mbili, na barabara yenyewe ilikuwa mashimo yaliyounganishwa. Kila tairi likiingia shimoni, watu wanalia. Ndipo Redio akaanza."

"Akaanza nini?" kaka akauliza.

"Kuimba! Kwani alikuwa anaitwa Redio kwa uzuri wa sura? Kile kidirisha cha nyuma ya dereva kilikuwa hakina kioo. Tukigonga bati mara moja, anabadilisha wimbo. Mara mbili, anarudia. Akichoka kuimba anasoma taarifa ya habari: 'Habari zilizotufikia hivi punde, breki zimejiuzulu.' Mtu amepigwa risasi ya paja, lakini anacheka. Na ule wimbo wake wa lori! Kautunga palepale."

Akakohoa, akaimba kwa sauti ya bawaba isiyotiwa mafuta:

"Lori letu lina homa,
lakohoa mlimani;
dereva anasukuma,
abiria wamo ndani."

Mama alikuwa ameduwaa, mkono shavuni. "Huyu huyu?" akauliza. "Huyu niliyemzaa naye hawa?"

"Huyo huyo, shemeji."

"Mimi alinichumbia kwa sentensi mbili!"

"Basi ulipata nyingi. Mimi nilimjua tena baadaye, kwa barua, na barua yake ilikuwa mistari mitatu." Akanyoosha mkono wa lile koti kubwa juu ya goti lake. "Ninyi hamkumjua kabla ya siku ya pili. Ngoja niwaambie ya siku ya pili."

Kulikuwa na kijana wa kikosi cha mizinga, akasema, aliyeumia tumbo. Aligonga bati, akaomba wimbo wa kwao, wimbo ambao mama yake alikuwa akiuimba akitwanga. Baba akasema haujui. Kisha akasema, "Nifundishe." Basi yule kijana akawa anamfundisha, mstari mmoja mmoja, kupitia kile kidirisha, na baba akiurudia huku anakwepa mashimo. Ubeti wa kwanza wakaumaliza. Wa pili wakaumaliza. Kabla ya wa tatu kijana akasema apumzike kidogo.

"Hakuamka," mzee akasema. "Redio aliendelea kuimba zile beti mbili mpaka mlango wa hospitali. Zile mbili tu, tangu saa nne mpaka saa kumi. Tuliposhushwa, akamsaidia daktari kumbeba yule kijana. Mimi sikumsikia akiimba tena."

Saa zote zile zilikuwa zikigonga, kila moja kwa wakati wake. Kaka alikuwa anatazama viatu vyake.

"Wimbo wenyewe ulikwendaje?" mama akauliza.

"Maneno nimeyapoteza mengi. Sauti yake ni hivi." Mzee akakunja midomo, akapiga mluzi.

Mama alishika mkono wangu. Mimi nilikuwa nimeshaujua. Kaka naye alikuwa ameinua kichwa. Miaka yote ya utoto wetu, kila baba alipopiga randa karakanani, alikuwa akipiga mluzi ule. Tuliuzoea kama watu wanavyozoea mlio wa jokofu. Ulikuwa unapanda, unashuka, unapanda tena, halafu unakatika palepale kila siku.

"Nilikuwa nikimpigia kelele kutoka jikoni," mama akasema. "Nikimwambia, 'Malizia basi, unanikera!' Naye ananijibu, 'Sijui mbele.' Nikadhani ni uvivu." Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini alikuwa pia anatabasamu, na hakujishughulisha kuyafuta. "Alikuwa hajui mbele kweli."

Kisha mama akajipigapiga mapaja kama mtu anayetikisa unga nguoni.

"Lakini nina kesi naye," akasema. "Miaka thelathini na mitano nimeishi na redio ndani ya nyumba, na hakuna aliyenionyesha kitufe!"

Mzee alicheka mpaka lile koti likamvuka bega. Akatoa ndani ya kopo la biskuti barua aliyotumiwa na baba, miaka mitatu baada ya vita, yeye alipomwandikia kutaka warudishiane makoti. Mwandiko ulikuwa wa baba, ule wa kuandikia vipimo vya mbao. *Rafiki yangu, koti lako linanitosha sawasawa. Usihangaike. Redio.*

"Sawasawa!" mzee akasema. "Mwili ule! Nilicheka hadi marehemu mke wangu akadhani nimepata habari mbaya. Nikajua, maana yake ni kwamba nikae na la kwake, naye akae na langu. Nikasema nitakwenda kumtembelea mwezi ujao. Ukapita. Nikasema mwakani. Tulikuwa mji mmoja, shemeji, dakika ishirini. Nadhani wote wawili tuliogopa kwamba tukikaa pamoja, yule kijana naye angekuja kukaa nasi. Taarifa ya msiba ilinifikia miezi mitatu baadaye. Hilo sijajisamehe."

"Jisamehe," mama akamwambia. "Kama alitaka kukuona, miguu alikuwa nayo, tena mirefu."

Ugomvi ulikuja wakati wa kuondoka. Kaka alitaka tubadilishane makoti: lenye namba ya baba lining'inizwe kama la baba, maana maktaba ni mahali pa ukweli. Mzee alikuwa ameshaanza kulivua. Mama akasimama katikati yao.

"Wenye makoti walijua lipi ni la nani, na hawakurudishiana. Wewe nani?"

"Mama, watu watauliza."

"Ndiyo. Waulize. Wewe si utakuwa hapo na mdomo wako?"

Tukakubaliana yaning'inizwe yote mawili, nami nikaondoka nayo nikayatengeneze. Kiwiko cha dogo nikakitia kiraka kwa ndani. Kubwa lilikuwa limechakaa pindo kwa kuburutwa. Mzee alikiri kwamba miaka ya baridi alikuwa akilivaa kusomea gazeti. Vifungo nilivipata kwa karani, aliyekuwa na bakuli zima.

Siku ya maktaba walitandaza viti katikati ya rafu, na havikutosha. Watu walikaa hadi kwenye ngazi za kufikia vitabu vya juu. Familia tatu zilitutangulia. Zamu yetu ilipofika, kaka alipanda na kurasa zake tisa, akavaa miwani, akakohoa.

"Baba yetu," akasoma, "alikuwa simba wa nyika, nguzo ya..."

Akasimama. Akayatazama makoti mawili yaliyokuwa yananing'inia ukutani, bega la moja likifika kifuani mwa lenzake. Akakunja zile kurasa, akazitia mfukoni. Katika maisha yangu sijaona ujasiri wa namna hiyo kwa mwalimu mkuu.

"Baba yetu alikuwa na koti lisilomtosha," akasema.

Akaanza kusimulia, na mara moja akakosea.

"Walikuwa wanane nyuma ya lori..."

"Sita!" Robo akapaza sauti kutoka mstari wa mbele.

"Sita. Na wakiligonga bati mara mbili, anabadilisha wimbo..."

"Mara moja! Mara mbili anarudia! Mwalimu gani wewe?"

"Mwache mtoto aseme," mama akamwambia.

"Anasema uongo, shemeji."

"Nawe ulisema alikuchumbia kwa sentensi mbili..." kaka akajaribu kujitetea, akimwelekea Robo badala ya mama, na hapo ukumbi wote ulipasuka kwa kicheko. Mama alikuwa amejiinamia, mabega yanatikisika. Kaka alisimama pale juu akiwa amechanganyikiwa, kisha nikaona pembe za mdomo wake zikianza kulegea, na mwalimu mkuu akacheka mbele ya wanafunzi wake wasiopungua kumi na wawili. Mmoja wao alitoa simu apige picha ya ushahidi.

Dakika tano zilikuwa zimepita zamani, lakini mkutubi hakuthubutu kutukata. Robo alipandishwa kuimba wimbo wa lori, na mara ya tatu ukumbi ulikuwa unamwitikia, wazee kwa vijana, wakipiga mbao za rafu kwa viganja. Kisha kaka akaomba kimya. Akapiga mluzi wa yule kijana wa mizinga, zile beti mbili, hadi pale unapokatika. Sikujua kwamba anaweza. Akauliza kama kuna mtu anayeujua ubeti wa tatu. Hakuna aliyeujua, na hadi leo hatujampata anayeujua.

Makoti yaliachwa ukutani pamoja. Mama aliandika mwenyewe maelezo ya chini yake, akakataa kusahihishwa na kaka: *Haya yalikuwa ya marafiki wawili. Usijaribu kuyapanga upya.*

Tangu hapo Robo huja kwetu kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, na yeye na mama hugombana. Mama anasema baba alipenda kiti cha dirishani. Robo anasema haiwezekani, Redio alichukia jua usoni. Mama anasema yeye ndiye aliyeishi naye. Robo anasema yeye ndiye aliyesikia habari zake za saa mbili asubuhi. Kaka huja pia, akijifanya amepita njia. Husikiliza kuliko anavyosema.

Na mimi nimepata kazi nisiyoitafuta. Wiki ya pili baada ya siku ile, mwanamke mmoja wa makamo aliingia dukani kwangu na mfuko wa plastiki. Alikuwa ameketi kwenye ngazi kule maktaba, akasema, sikumwona. Ndani ya mfuko mlikuwa na aproni ya muuguzi, nyeupe iliyogeuka rangi ya chai, ya bibi yake.

"Alikuwa hospitali ya vita," akasema. "Tunamkumbuka mkali tu. Alikuwa anatupima kucha. Nimeona mfuko huu wa aproni umeshonwa ukafungwa kwa juu, na ndani kuna kitu kigumu. Nimeogopa kuukata mwenyewe."

Nikaipapasa aproni. Kweli palikuwa na kitu, kidogo, cha mviringo, na mshono ulikuwa wa mkono, nyuzi zimebanana kama za mtu asiyetaka kubahatisha. Nikamvutia kiti, nikatafuta wembe mpya.

"Kabla sijakata," nikamwambia, "nieleze kwanza hizo kucha alikuwa anazipima vipi."

Akaanza kucheka hata kabla hajaanza kusema.